Wajumbe Si Watu Wazuri

Julai 2020, mara baada ya kura za maoni za Chama Cha Mapinduzi (CCM), nchi nzima ilikuwa na msemo mmoja mdomoni: wajumbe si watu wazuri. Ulianza kama kilio cha watia nia walioangushwa na wajumbe waliopiga kura hizo, ukageuka utani, kisha ukahamia kila mahali. Kijana akikataliwa uchumba, wajumbe si watu wazuri. Timu ikifungwa dakika za nyongeza, wajumbe si watu wazuri. Utani ulinoga kwa sababu kila mtu alijua kilichokuwa chini yake. Mtia nia kazunguka kata zote, kakumbatiwa, kapigiwa vigelegele, kaahidiwa kura na watu wengi kuliko waliohitajika ili ashinde. Siku ya kuhesabu, jina lake linasomwa na kura za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Wapo ambao hawakutoa hata senti, na uchungu wao ni wa kweli. Lakini wapo waliotoa, na kilio cha hawa wa pili ndicho kinachonivutia. Mtu aliyegawa bahasha usiku anapata wapi ujasiri wa kulalamika mchana kwamba aliyempa hakuwa mwaminifu? Anaujua uhalifu wake, anajua alichovunja ni sheria, na bado moyoni anajiona yeye ndiye aliyedhulumiwa. Huo si unafiki mtupu. Ndani yake kuna siri ya namna rushwa ya uchaguzi inavyofanya kazi katika jamii yetu, na siri hiyo iliwahi hata kuandikwa kwenye sheria ya nchi.

Sheria ya Uchaguzi Na. 1 ya mwaka 1985 ilikataza kumpa mpiga kura chakula, kinywaji, burudani au zawadi kwa lengo la kuivuta kura yake. Mwaka 2000, mwaka uleule wa uchaguzi mkuu wa pili wa vyama vingi, Bunge lilikirekebisha kifungu cha 119. Baada ya marekebisho, jambo lililofanywa kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa jadi halikuhesabiwa tena kuwa kosa, na kadhalika gharama za kawaida zilizotumika kwa nia njema wakati wa kampeni. Mitaani ikaitwa takrima, na kwa uchaguzi wa 2000 na ule wa 2005 neno hilo likawa la kila siku. Mgombea hakuwa anahonga. Alikuwa anakirimu.

Aliyebuni kifungu kile alikuwa anaijua nchi. Katika mila zetu, Bara na Pwani, mgeni hapokewi kwa mikono mitupu na mwenye shughuli hawaachi watu warudi na njaa. Harusi bila pilau husimuliwa kwa miaka. Msibani unakwenda na rambirambi yako hata kama ni noti moja iliyokunjwa. Mtu akiita watu uwanjani tangu saa nne asubuhi wakamsubiri hadi alasiri juani, halafu akapanda gari na kuondoka bila hata maji ya kunywa, ataitwa bahili kabla vumbi la gari halijatua. Kwa hiyo mbunge aliyesimama bungeni kuitetea takrima hakuwa na haja ya kudanganya. Alikuwa anasema kweli juu ya mila, na kweli hiyo ndiyo iliyotumika kufunika jambo jingine.

Tazama mambo yanavyokwenda kwenye kata. Mgombea hafiki wa kwanza. Wanaofika kwanza ni watu wake, wiki mbili kabla. Wanaanzia kwa balozi wa nyumba kumi, kwa sababu balozi ndiye anayejua nani ni nani. Wanauliza kikundi cha kina mama cha kufa na kuzikana kinakutana lini, na kikoba kina wanachama wangapi. Vijana wa bodaboda wanawekewa mafuta ya kuongoza msafara, lita mbili au tatu kila mmoja. Timu ya mtaa inapata jezi na mpira. Kwa kina mama ni kanga, wakati mwingine na kilo ya sukari ndani yake. Wazee wanapata ya chai, vijana ya vocha, wanaotoka mbali ya nauli. Hakuna anayetamka neno kura. Fedha yenyewe haina jina lake. Kila mara inaitwa kwa jina la kitu kidogo cha kununuliwa, soda, nauli, sabuni, ili atakayeipokea asijione ameuza chochote. Na pembeni ya sufuria ya pilau, kwenye kiti cha plastiki, ameketi kijana mwenye daftari la kaunta. Anaandika majina. Mara nyingine anaandika na namba ya kadi ya mpiga kura.

Daftari hilo lina kazi gani? Kisheria halina nguvu yoyote. Hakuna mahakama itakayomlazimisha mtu atimize mkataba wa kuuza kura. Mgombea aliyegawa hana risiti, hana shahidi wa kumsimamisha, na kura inapigwa kwenye kituturi ambako hata mume haoni alichotia mkewe. Kibiashara ni mradi wa kichaa: unalipa mapema, mzigo huuoni, na muuzaji huwezi kumshitaki. Na bado watu wenye akili timamu, baadhi yao wafanyabiashara waliotajirika kwa kuhesabu kila shilingi, wanamwaga fedha humo kila baada ya miaka mitano.

Wanamwaga kwa sababu wanamtegemea mpokeaji awe mtu mwema. Kanga inafanya kazi kwa mwanamke aliyelelewa kwamba fadhila hulipwa kwa fadhila, na kwamba kula cha mtu kisha ukamgeuka ni tabia ya punda, ambaye fadhila zake ni mateke. Tapeli hahongeki. Tapeli atakula pilau ya wagombea wote watano, atavaa fulana ya mmoja na kofia ya mwingine, na kituoni atafanya atakalo au hatakwenda kabisa. Anayenasa ni yule mwenye haya, anayelala akiwaza kwamba ameandikwa daftarini na kwamba aliahidi. Daftari la kaunta linashika dhamiri yake, na dhamiri kwake ni kali kuliko hakimu.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema rushwa ya uchaguzi imeshamiri kwa sababu wananchi wameporomoka maadili. Kwa upande wa anayetoa, sawa. Kwa upande wa anayepokea, ningesema kinyume chake: bila maadili yake biashara hii ingekufa msimu mmoja. Mwizi wa kura wa aina hii anaiba kwa kutumia ufunguo wa mwenye nyumba.

Mama mmoja muuza vitumbua, katika mtaa ambao wagombea walikuwa wakipishana kama daladala, nilimuuliza kwa nini hakukataa kanga. Alinitazama kama mtoto asiyefundishwa. “Mwanangu, mtu amekuja mlangoni, amekuita mama, amekupa kwa mikono miwili. Umrudishie? Ndivyo ulivyolelewa?” Nikamuuliza basi kura atampa nani. Akageuza kitumbua. “Hilo sasa ni langu na Mungu.”

Jibu hilo ni la busara kubwa, na wanasiasa wa upinzani walishaligundua zamani. Tangu uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi mwaka 1995 wamekuwa wakiwaambia watu kwenye majukwaa: pokeeni, kuleni, vaeni, ila kura mnajua mnakoipeleka. Kula huku, kura kule. Ni ushauri mzuri wa kivita. Kama falsafa ya malezi, una kasoro. Unamtaka mtu maskini ndiye abebe mzigo wa uongo: apokee kwa tabasamu, aahidi, kisha avunje ahadi, huku aliyemlazimisha kuingia kwenye hali hiyo akibaki na heshima zake za mheshimiwa. Wengine wanaweza. Mama wa vitumbua anaweza. Lakini si haki kujenga demokrasia juu ya ustadi wa watu wanyonge wa kudanganya wakubwa.

Kuna hoja nyingine husemwa kwa kunong'ona, na inastahili kujibiwa waziwazi. Kura ni yangu, nina uhuru wa kuifanyia nitakalo. Kama mbunge hataonekana tena kwa miaka mitano, kwa nini nisichukue changu leo? Hoja hii ina njaa ndani yake na siicheki. Lakini kura si mali ya mtu mmoja kama mbuzi wake. Nikiuza mbuzi wangu, jirani yangu hapungukiwi. Nikiuza kura, aliyeinunua atamwakilisha pia jirani yangu ambaye hakuuza, atapitisha bajeti ya zahanati ambako mtoto wa jirani atatibiwa, na hakuna senti iliyomfikia jirani huyo. Uhuru wangu umetumika kuufunga wa kwake.

Kesi ya takrima ilifika Mahakama Kuu ya Dar es Salaam mwaka 2005. Walioifungua walikuwa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na mashirika mawili ya wanasheria, LEAT na NOLA. Hukumu ilitoka Aprili 2006, uchaguzi wa Desemba 2005 ukiwa umekwisha na washindi wameshaapa. Mahakama ilivifuta vifungu vya takrima kwa kuwa vinakwenda kinyume na Katiba, hasa usawa wa watu mbele ya sheria na haki ya raia kushiriki katika utawala wa nchi yake. Sababu yake ya msingi mtu yeyote wa mtaani angeweza kuitoa: mwenye nacho na asiye nacho hawawezi kukirimu sawa, na mstari unaotenganisha ukarimu wa kampeni na hongo hauonekani. Mwalimu wa shule ya msingi anayetaka ubunge anaweza kuwa na hoja kuliko wote. Hana sufuria.

Hukumu ile ilikuwa ya usawa, na ilisema kweli. Ila sheria ikifutwa, mila haifutiki. Mwaka 2010 Rais Jakaya Kikwete alisaini Sheria ya Gharama za Uchaguzi iliyoweka mipaka ya matumizi na kuingia hadi ndani ya kura za maoni za vyama. Mwaka huohuo CCM iliwafungulia wanachama wote kupiga kura za maoni, kwa hesabu rahisi kwamba kununua watu elfu kumi ni kazi kuliko kununua mia tano. Ilipofika 2020 uamuzi ulikuwa umerudi mikononi mwa wajumbe wa mikutano mikuu ya majimbo. Idadi ndogo tena, bei ya juu tena. Kilichofuata tumeshakisema.

Huwa inasemwa kwamba haya ni matunda ya vyama vingi, na kwamba zamani mambo yalikuwa safi. Zamani ipi? Kuna kipande kimoja cha zamani ambacho kwa kweli kinashangaza, na si wengi wanaokikumbuka.

Septemba 1965 Tanzania Bara ilifanya uchaguzi wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja. Kila jimbo liliruhusiwa wagombea wawili, wote wa TANU, chama tawala cha wakati huo, waliochujwa na Halmashauri Kuu ya chama. Hawakuruhusiwa kufanya kampeni zao wenyewe. Chama ndicho kilichoandaa mikutano, na wagombea wote wawili walikwenda pamoja, wakapanda jukwaa moja, wakazungumza mmoja baada ya mwingine mbele ya wananchi walewale. Kiswahili kilikuwa lugha pekee iliyoruhusiwa. Kugeukia kilugha cha nyumbani ili kuwakumbusha watu ukoo wako ilikuwa marufuku, kama ilivyokuwa marufuku kutaja kabila au dini. Kwenye karatasi ya kura mmoja alikuwa na picha ya jembe na mwingine picha ya nyumba, vitu ambavyo hakuna mkulima asiyevijua.

Katika utaratibu huo, sufuria ya mgombea haikuwa na mahali pa kutengwa. Na wananchi walifanya kazi yao barabara. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mwanzilishi wa vyama vya ushirika vya pamba Kanda ya Ziwa, mtu ambaye jina lake lilikuwa kubwa kuliko jimbo, aliangushwa. Mawaziri wadogo kadhaa walianguka naye. Nimewahi kufikiria ingekuwaje leo waziri wa fedha aliye madarakani kusimama juani pamoja na mpinzani wake, gari moja, maikrofoni moja, muda sawa, bila msanii wa bongofleva wa kumtangulia jukwaani.

Sasa upande wa pili wa shilingi ile. Mpiga kura wa 1965 aliweza kumkataa waziri, lakini hakuweza kukikataa chama. Karatasi ya urais ilikuwa na mtu mmoja, ndiyo au hapana. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila mashitaka ilikuwa imekwishapitishwa mwaka 1962. Aliyekuwa na mawazo ya kuanzisha kitu kingine nje ya TANU hakuwa na jukwaa, na akisema sana hakuwa na usingizi. Kampeni zilikuwa safi kwa sababu uwanja ulikuwa umezungushiwa ukuta. Anayeukumbuka usafi tu, na akausahau ukuta, anaitendea historia kama wagombea wanavyoutendea ukarimu.

Miaka miwili baada ya uchaguzi ule likaja Azimio la Arusha, na ndani yake miiko ya uongozi. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha. Unaweza kubishana na siasa ya uchumi iliyokuwa nyuma ya miiko hiyo, na mimi nabishana nayo. Lakini angalia ilimlenga nani. Haikumwambia mkulima wa Kahama awe mwadilifu. Ilimwambia waziri. Aliyetaka kuongoza alifungwa kwanza, aliyeongozwa akaachwa na maisha yake.

Miiko hiyo ililegezwa Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilipokutana Zanzibar. Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi atamke mali zake kwa kamishna. Tamko linapelekwa, linapokewa, linahifadhiwa. Raia anaweza kuomba kulikagua, kwa masharti, na bado sijakutana na raia aliyefanya hivyo wakati wa mapumziko ya mchana. Mwaka huohuo wa 1995, Mwalimu Nyerere, akiwa mzee na ameshang'atuka, alikuwa akizunguka akiuliza swali lililowakera wengi: mtu anayetumia fedha nyingi ili aingie Ikulu, fedha hizo kazipata wapi, na kama amekopa, atazirudisha kwa njia gani?

Kati ya kulegezwa kwa miiko na swali hilo lilikuwa limetokea jambo jingine ambalo mara nyingi husimuliwa kama ajabu. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka nchi kuwauliza wananchi kama wanataka vyama vingi. Takriban asilimia 80 walisema chama kimoja kinatosha. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wapo waliouliza, na bado wanauliza, demokrasia gani hiyo inayowafuata wachache. Mimi naona tume ilikuwa sahihi kabisa. Walio wengi wana haki ya kuchagua nani atawale. Hawana haki ya kuamua kwamba jirani yao asiwe na chama. Tume ileile iliorodhesha sheria 40 zilizobana haki za watu, ile ya kizuizini ikiwemo, ikataka zifutwe au zirekebishwe. Sehemu hiyo ya ripoti haikupigiwa vigelegele.

Tangu hapo maadili yamekuwa yakishuka ngazi. Sisemi yameporomoka, nasema mwelekeo wake umegeuka. Kamba iliyokuwa imefungwa kwenye shingo ya anayetawala imekuwa ikihamishiwa, kidogo kidogo, kwa anayetawaliwa.

Machi 2017 msanii Nay wa Mitego alitoa wimbo ulioitwa Wapo, wenye maneno makali juu ya hali ya nchi. Alikamatwa mkoani Morogoro, na Baraza la Sanaa la Taifa likaupiga marufuku wimbo wenyewe kwa sababu za maadili. Haikupita siku, Waziri wa Habari, Harrison Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais John Magufuli ameupenda, ameagiza msanii aachiwe na wimbo upigwe, tena akapendekeza watu wengine wa kuongezwa kwenye mashairi. Watu walishangilia. Nilishangilia na mimi kidogo, kisha nikabaki na ganzi. Asubuhi wimbo ulikuwa hauna maadili, jioni unayo, na hakuna mstari hata mmoja uliobadilika. Kilichobadilika ni masikio ya mtu mmoja. Uhuru wa kusema uliokuwa umetolewa kama hisani ungeweza kuchukuliwa kama hisani. Ilikuwa takrima ya aina yake, kutoka juu kwenda chini, na tukaipokea kwa mikono miwili kama tulivyolelewa.

Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa alipie maombi, leseni na ada ya mwaka, jumla shilingi milioni 2.1. Wengi walifunga. Maadili yalitajwa tena miongoni mwa sababu.

Halafu Aprili 2025. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Chadema, chama kikuu cha upinzani, hakitashiriki uchaguzi mkuu kwa kuwa hakikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi. Chama hicho kilikuwa kimeshikilia kwamba hakitaingia uchaguzi bila mabadiliko kwanza, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa amefikishwa mahakamani kwa shitaka la uhaini siku mbili kabla. Kuna wanaosema sheria ni sheria, asiyesaini ajilaumu mwenyewe. Wana hoja ya utaratibu. Lakini kanuni za maadili zilibuniwa ili wagombea wasitukanane, wasipigane na wasihonge. Zilipotumika kama mlango wa kuingilia, zilianza kufanya kazi ya kuchuja ambayo mwaka 1965 ilifanywa na Halmashauri Kuu. Siku ya kupiga kura, 29 Oktoba, maandamano yalizuka Dar es Salaam na miji mingine, intaneti ikazimwa, amri ya kutotoka nje ikatangazwa, watu wakapoteza maisha. Familia zilizozika zinastahili maelezo, na haitoshi kuwaambia vijana wa siku hizi hawana adabu.

Majirani zetu wa Kenya walijaribu njia nyingine: waliyaandika maadili ndani ya Katiba. Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 inazungumzia uongozi na uadilifu kwa lugha ambayo ungetamani kuitundika ukutani. Jaribio lake kubwa la kwanza lilikuja mapema 2013, wanaharakati walipoiomba Mahakama Kuu iamue kama Uhuru Kenyatta na William Ruto, waliokuwa na mashitaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, wanastahili kugombea. Mahakama ikasema shauri la aina hiyo si la kwake. Wakagombea, wakashinda. Kuhusu wabunge, Katiba hiyohiyo inasema aliyepatikana na hatia hafungiwi mlango mpaka rufaa zote zimalizike, na rufaa, kama wajuavyo wenye fedha, zinaweza kuzaa wajukuu. Sina maana Sura ya Sita ni bure. Imewapa raia wa Kenya kitu cha kushika wanaposimama mahakamani, kitu ambacho sisi hatuna kwa uzito huo. Ila nayo inasubiri watu wachache wa juu waamue kuisoma.

Nirudi kwenye kata, maana ndiko jambo hili linakoishi. Sheria yetu ya Gharama za Uchaguzi ina kifungu ambacho kama kingetekelezwa kwa moyo, Mwalimu angekuwa amepata jibu la swali lake. Mgombea anatakiwa aeleze, kabla ya kuteuliwa, fedha alizonazo na anazotarajia kwa ajili ya uchaguzi, na baada ya uchaguzi atoe hesabu ya alichotumia. Amezipata wapi, amezitumiaje. Hesabu hizo huenda kwa chama na kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, na huko zinakaa kwenye majalada.

Jina la mpiga kura halikai kwenye jalada. Kabla ya kila uchaguzi daftari la wapiga kura hubandikwa hadharani, kwenye ukuta wa ofisi ya kata au shule, ili yeyote mwenye pingamizi aseme huyu si mkazi, huyu amefariki, huyu hajafikisha miaka kumi na minane. Mama wa vitumbua yumo, amebandikwa kwa gundi, mtaa mzima unamsoma na una haki ya kumpinga. Ukuta ule una nafasi. Karatasi moja ya mgombea, yenye jina lake, kiasi alichosema anacho, aliyempa, na alichokwisha kutumia hadi wiki ile, inatosha pembeni ya orodha ya wapiga kura. Kanga mia tatu zilizogawiwa Jumamosi ama zimo kwenye karatasi hiyo au hazimo, na wanaojua kama zimegawiwa ni walewale wanaopita pale ukutani kila asubuhi wakienda kisimani. Gharama yake ni gundi.